Eda ya Wawili Kisiwani

Kisiwani, Ijumaa, Agosti 1986

Omari,

Ulipokuwa hai sikuwahi kukutaja jina. Nilikuita bwana, na mtu akibisha hodi nilimjibu "mwenyewe katoka" au "mwenyewe kalala", kama mama yangu alivyomfanyia baba. Leo nakutaja. Ninayotaka kukwambia hayasemeki kwa bwana. Labda yatasemeka kwa Omari.

Tumetoka eda, mimi na Mishi. Juzi Bi Fatuma alitukogesha asubuhi, akatupaka mafuta, akatuvisha kanga mpya, na adhuhuri ikasomwa hitima yako. Kisiwa kizima kilikula wali. Nilikuwa nimeambiwa kwamba siku hiyo ikifika nifunge mzigo wangu nirudi kwetu Malindi. Sikuufunga. Haya nayaandika nyumbani kwa Mishi, nimekaa juu ya mkeka alioushona mwenyewe, na yeye yuko uani anakuna nazi, ananisemesha kila ninapotaka kufikiri.

Nina furaha, Omari. Neno hilo nimeliandika, nikaliacha, nikaenda kunywa maji, nikarudi kulitazama. Ni kweli. Nina furaha ndani ya nyumba ambayo kwa miaka kumi na moja nilikuwa nikiiombea iteketee. Na kila siku ninayofurahi humu uchungu wangu juu yako unazidi, kwa sababu ilibidi ufe ndipo niipate, na kwa sababu nimejua kwa nini hukutaka niipate ulipokuwa hai.

Ngoja nianze mbali kidogo.

Unakumbuka chumba chetu cha Shela pale Malindi, kile cha nyuma, ambako muziki wa mahoteli ya Wataliano ulikuwa ukitufikia na upepo. Ukirudi kutoka kisiwani ulivua viatu nje, ukavigonganisha mlangoni, na mchanga ukamwagika kizingitini. Mchanga huo ndio kitu peke yake nilichokijua cha huku. Mweupe, laini kama chumvi ya mezani. Niliufagia kwa hasira hadi njiani, nikijiambia nafagia nyayo za mwanamke mwingine. Wewe ulikuwa umekwisha kulala, ng'onda zako, samaki wakavu wa kuuza, zikinuka kwenye magunia, mikeka yako imeegemezwa ukutani ikingoja soko.

"Huu usiuuze," nilikwambia siku moja, nimeushika mkeka wa miraba myekundu. "Umeupata wapi?"

Ukasema umeununua kwa mwanamke mmoja wa Magarini. Nikaufanya mkeka wangu wa kuswalia. Kumbe miaka yote ile niliswali juu ya kazi ya mikono ya Mishi, na nikimaliza kuswali niliinua mikono yangu kumwombea mabaya.

"Yule nilipewa na wazee," ulikuwa ukisema. "Hajui kucheka. Uso kama jiwe la kusagia. Moyo wangu uko hapa." Nami nikaamini. Mke mdogo huyaamini upesi maneno kama hayo.

Na lile jingine. Nilikuwa nimelia mchana kutwa kwa ajili ya mtoto asiyekuja. Ulikaa ukingoni mwa kitanda ukanimenyea chungwa. Ulilimenya ganda zima bila kulikata, ukanipa vipande kimoja kimoja kama mgonjwa. Ukasema taratibu, "Usilie. Mungu aliyempa mwenzio atakupa na wewe." Kisha ukanihadithia habari za Salimu, mwanao na Mishi, aliyefariki kabla hajatimiza siku arobaini. Uliinamisha kichwa ukihadithia. Nikakuonea huruma wewe, nikajionea haya mimi. Tangu siku hiyo nikajua ubovu uko kwa nani.

Nilikunywa mizizi ya kuchemsha mpaka chakula kikakosa ladha. Nilikwenda Mambrui kufukizwa, nikafunikwa shuka juu ya moshi hadi nikazimia. Kaka Athmani, ndugu yangu mwenyewe, alisema mbele ya wageni, "Omari muungwana. Mwingine angemrudisha kwao." Wageni wakaitikia. Nami usiku wake nikakushukuru. Nilikushukuru, Omari, kwa kunivumilia.

Mwaka huu, kabla ya masika, homa ikakushika. Hospitali walikupa vidonge, hukupata nafuu. Ukasema, "Nipelekeni kwetu, nikavute hewa ya kwetu." Athmani akatafuta mashua kule Ngomeni, na mimi nikakupakata kichwa njia nzima. Hivyo ndivyo nilivyofika kisiwani kwenu, kichwa cha mume mapajani, na mwanamke mrefu amesimama majini hadi magotini akingoja kukipokea. Hakunisalimu. Alisema tu, "Mleteni huku, kuna kivuli."

Ulikufa kesho yake alasiri. Mimi nilikuwa nimekushika mguu, yeye amekushika mkono.

Kabla hujatolewa nyumbani, shekhe alisimama mlangoni akauliza kama ilivyo ada, "Enyi wake wa marehemu, mmemwia radhi mume wenu?" Sote wawili tulikuwa nyuma ya pazia. Tukajibu pamoja, "Tumemwia radhi." Lilikuwa neno letu la kwanza tulilosema kwa mdomo mmoja. Yeye alilisema kwa sauti. Mimi nililisema chini chini, lakini kwa moyo safi. Wanaume wakakubeba, wakakuzika nyuma ya msikiti, na radhi zetu mbili ukaenda nazo.

Shekhe akasema mauti yametukuta pale, basi eda ikaliwe pale, miezi minne na siku kumi. Athmani akarudi na mashua yake. "Nitakuja kukuchukua ikiisha," aliniambia. "Vumilia, mdogo wangu. Hata jela watu hutoka."

Tukapewa chumba kimoja, vitanda viwili, na shuka iliyotundikwa katikati kama mpaka wa shamba. Kisiwa kizima kilitega masikio kisikie tunavyong'oana nywele. Hatukung'oana. Hatukusemezana. Mishi akiwa na la kuniambia, alimwambia paka.

"Paka, mwambie mgeni wako sukari huku haioti mchangani."

Nami nikamjibu paka, "Paka, mwambie mwenye nyumba kwetu mjini mgeni hahesabiwi vijiko."

Paka masikini alikuwa akimtazama huyu, akimtazama huyu, akidhani anaitwa kula. Bi Fatuma, yule mjane mzee wa nyumba ya pili, ndiye aliyekuwa akituletea maji na samaki maana sisi hatukuweza kutoka. Alitusikiliza wee, akatikisa kichwa. "Wanangu," akasema, "mtakuja kumfanya paka huyu kadhi."

Kisha masika yakaingia. Paa lako la makuti, lile ulilomwahidi Mishi kila mwaka kwamba utaliezeka upya, lilivuja upande wake, halafu likavuja upande wangu. Tukasogeza vitanda, tukasogeza tena, mpaka tukajikuta sote wawili kwenye pembe moja iliyobaki kavu, na shuka ya mpaka imelowa, imeanguka chini. Fundi wa kuezeka hakuweza kuingia kwenye wenye eda. Bi Fatuma akamwomba basi apande kwa nje tu. Akakataa. Alisema tundu likiwa kubwa hivyo ataona ndani, na yeye hataki dhambi ya kuchungulia wajane.

Mishi akasimama, akageuza kinu juu chini katikati ya chumba. Akanitazama mimi, si paka.

"Wewe mwepesi," akasema. "Panda."

Nikapanda. Akanishika miguu. Nikawa nasukuma makuti kwa ncha ya mchi.

"Kulia."

"Kulia kwangu au kwako?"

"Kulia kwa mvua, mwanamke. Huoni inakoingilia?"

Nikasukuma kulia kwa mvua. Kuti likateleza, na maji yote yaliyokuwa yamejikusanya juu yakanishukia kichwani pamoja na vumbi la miaka na mjusi mmoja. Nikapiga ukelele. Mishi akacheka. Yule asiyejua kucheka, Omari. Alicheka hadi nguvu za mikono zikamwisha, akaniachia miguu, nikamwangukia, na tukabaki hapo chini kwenye matope tukicheka, wajane wawili wa mtu mmoja, machozi yanatutoka na hatujui ni ya nini. Nafikiri mengine yalikuwa yako.

Bi Fatuma akaja mbio. "Kwenye nyumba ya eda hakuchekwi. Mnamkera marehemu."

Mishi akapangusa uso kwa ukaya wake wa kichwani. "Marehemu alijua paa linavuja," akasema.

Shuka hatukuitundika tena.

Sijui nikueleze vipi miezi iliyofuata. Ukiandika furaha inakuwa ndogo. Alinifundisha kuchana miyaa na kusuka ukili wa mikeka, na ukili wangu wa kwanza ulipinda kama njia ya mlevi. Aliuning'iniza ukutani, akasema ni dawa ya kufukuzia wezi, mwizi akiuona atajua humu hamna kitu. Mimi nilimfundisha kuandika jina lake kwa kipande cha mkaa sakafuni. Akiandika M anatoa ulimi. Asubuhi aliyetangulia kuamka alimchemshia mwenzake chai, na sukari ikawa haihesabiwi. Nikiumwa kichwa alinikanda kabla sijasema. Nilikuwa sijawahi kukaa na mtu anayejua kwamba kichwa kinaniuma kwa kutazama tu namna nilivyoshika kikombe.

Na tulikuwa tukikuzungumza. Ukifa, watu wako hubaki na kazi ya kukukusanya. Kwangu ulikuwa huli tui, ati linakujaza tumbo. Kumbe huku ulikuwa ukikomba sufuria kwa kidole. Kwake ulikuwa hutaki kusemeshwa asubuhi. Kwangu ulikuwa ukiimba tangu udhu. Kwake ulilala taa imezimwa, kwangu hukutaka giza. Mishi akaniambia, "Mwenzangu, sisi tulikuwa na waume wawili, bahati mbaya wakafa siku moja." Tukacheka mpaka tukaogopa Bi Fatuma.

Natamani tungeishia hapo. Natamani sana.

Ilikuwa alasiri, mvua imekatika, tumekaa mlangoni kwa ndani ili tupate mwanga. Mishi alikuwa akisuka, hakuinua macho.

"Wale wawili wako," akaniuliza, "uliwahi kuwapa majina?"

"Wawili gani?"

"Waliotoka. Omari alinieleza. Aliumia sana."

Nikadhani sikusikia vizuri. "Dada Mishi, mimi sijapata kubeba mimba maisha yangu yote."

Ukili ukasimama mikononi mwake. Na mimi, badala ya kunyamaza nifikiri, nikauliza, "Salimu naye alifanana na nani?"

"Salimu nani?" akasema Mishi.

Adhana ya magharibi ikatukuta pale pale mlangoni. Tuliswali bega kwa bega. Katika sijda ya mwisho nilimsikia hainuki.

Baadaye alinionyesha mgongo wake. Ana makovu ya chuku alizoumikwa ili apate mimba, pande zote mbili, safu kwa safu, kama mbegu zilizopandwa. Alikuwa akifunga Jumatatu na Alhamisi, mwaka baada ya mwaka, kwa nia hiyo moja. Mama yako, Mungu amrehemu, alikufa akimwita gogo. Na wewe ulikuwa ukimwambia, kwa sauti ile ile ya taratibu ninayoijua, "Mwenzio wa mjini hushika, ila hazikai. Wewe hata kushika hushiki. Basi, ni majaaliwa, mimi sikulaumu."

Hukumlaumu. Wala mimi hukunilaumu. Ulituachia tujilaumu wenyewe, kila mmoja upande wake wa bahari.

Nimejaribu kukutetea, Omari. Nimekaa upande wako siku nyingi. Nasema, labda hakujua. Nasema, labda aliogopa. Mwanamume akiwa na wake wawili na mtoto hana, watu huanza kufikiri, na fikira hiyo ina njia moja tu ya kwenda, kwa mume. Ukamzalia Mishi mtoto wa maneno ili mimi nisifikiri. Ukanipa mimi mimba za maneno ili yeye asifikiri. Nilidhani ulitutenga kwa kuogopa wivu wetu. Kumbe uliogopa mazungumzo yetu. Kikombe kimoja cha chai baina yangu na Mishi kingetosha, na wewe ulihakikisha kwa miaka kumi na moja kikombe hicho hakimiminwi.

Sijui kama ningezaa. Huenda nisingezaa hata kwa mwingine. Sitajua tena, umri umepita. Mtoto hutolewa na Mungu, wala sisemi uliniibia mtoto. Ninachokudai ni ile miaka niliyouchukia mwili wangu mwenyewe. Nilikuwa nikikoga bila kujitazama. Hilo ulikuwa ukiliona, na ukanimenyea chungwa.

Nikataka kuichukua radhi yangu. Nilimuuliza Bi Fatuma, bila kumweleza sababu, kama radhi aliyopewa maiti hurudishwa. "Radhi si sahani ya jirani, mwanangu," akasema. "Ikitoka imetoka."

Mishi hakukubali. Alikuwa akichambua mchele, akaendelea kuchambua. "Mimi nilimwia radhi yule niliyemjua," akasema. "Huyu mwingine sijaletewa maiti yake."

Baada ya hitima nilitoka nje. Fikiria, nilikuwa nimekaa kisiwani miezi yote ile na sijakiona. Nilikijua kwa sauti tu, jogoo wa upande huu, watoto wa chuo cha Kurani upande ule, maji yakipwa yakiondoka mbali. Mishi akanishika mkono kama kipofu. Tukapita nyumba za watu, tukapita birika la mvua, tukateremka mpaka mwambani, maji yamekupwa kabisa. Akanipa kijiti, akanionyesha shimo la pweza. Sikumpata. Nilimkanyaga chaza, nikajikata, nikakaa kwenye mwamba naye ananifunga kidole cha mguu kwa upindo wa kanga yake mpya. Upepo ulikuwa unavuma. Nikajua kwamba sitaki kuwa mahali pengine popote. Sikuwa nimewahi kulijua jambo hilo kwa uhakika namna ile, hata siku ya harusi yetu. Nisamehe, lakini ni kweli.

Kesho yake Athmani akafika.

Nilimkaribisha ndani, nikampa mkeka, nikamwandalia chai na vitumbua. Mishi akakaa nyuma ya pazia kama inavyopasa.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Mzigo wako uko wapi? Wenye mashua hawangoji."

"Sirudi, kaka."

Akadhani natania. Akala kitumbua. Halafu akaniambia kuna mtu Mambrui, mwenye duka, mgane, ana watoto wanne wadogo, amekwisha kuzungumza naye. "Una nini hapa, Zuhura? Mchanga na chumvi."

"Nina Mishi."

"Mke mwenzio? Watu hutiliana sumu, wewe unataka kukaa umpikie?"

"Uke wenza ulikwisha siku mume alipokufa."

Akaweka kikombe chini. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniuma. Alisema kwa huruma. "Zuhura, hali yako unaijua. Watu wote wanaijua. Mtu huyu hakuuliza, watoto anao. Mwingine kama huyu hutampata. Nami sitaki nife nikuache kwa watu baki."

Maneno yalinijia mdomoni, Omari. Yalikuwa tayari. Ningeyasema, ningekuwa mtu kamili mbele ya ndugu yangu, na yeye hangeweza kunitoa hapa kwa kunihurumia. Nawe ungebaki chini ya mchanga nyuma ya msikiti, unatajwa barazani Shela, unatajwa Mambrui, watu wanacheka, na huna ulimi wa kujibu. Tumefundishwa kuyataja mema ya maiti wetu. Niliyatafuta mema yako pale pale, nikayapata, yapo. Nikaumauma mdomo. Nikammiminia chai nyingine, nikazidisha hadi ikamwagika kisahanini.

Nikajua nimeshindwa. Nikajua nitafunga mzigo.

Ndipo Mishi akasema nyuma ya pazia. "Kaka Athmani, niwie radhi kwa kuingilia. Mimi pia sikujaaliwa. Tasa wawili ni wengi kwa mwenye duka, lakini nyumba hii tunaitosha."

Athmani akageuza uso. "Wewe si ulizaa? Omari alituambia. Mtoto wa kiume."

"Sikuzaa, kaka. Wala wa kuishi, wala wa kufa."

Hakuongeza neno. Wala mimi. Nilimwona ndugu yangu anafika mwenyewe pale tulipofika sisi alasiri ile. Aliutazama mkeka, akalitazama pazia, kisha akanitazama mimi, na macho yake yakashindwa kukaa usoni mwangu. Nadhani alikuwa akisikia maneno yake mwenyewe, yale aliyoyasema mbele ya wageni.

"Mungu amrehemu," akasema mwishoni. Kisha akaongeza, kwa sauti ndogo, "Na sisi atusamehe."

Akamaliza chai yake, hata ile iliyomwagika kwenye kisahani. Akasimama, akavaa kofia. Mlangoni akauliza, "Nikija mwezi ujao, niwaletee nini?"

"Mafuta ya taa," akajibu Mishi. "Na redio, hata iliyochakaa. Huyu mdogo wako akianza kuhadithia hanyamazi."

Athmani akacheka kidogo, akateremka pwani peke yake. Sikumwona akigeuka nyuma.

Basi hivyo ndivyo mambo yalivyo. Aibu yako tumekufichia, Omari, mimi kwa kunyamaza na Mishi kwa kuibeba mwenyewe. Athmani hatasema. Hakuna atakayejua isipokuwa sisi watatu na Mungu, na wewe, kama ulijua.

Mishi ameniita sasa hivi anataka kujua nimefika wapi. Anasema nikuandikie kwamba yule mbuzi wako mweusi amezaa mapacha. Nimemwambia hilo siandiki. Nimeandika.

Ninaahidi mambo mawili. Kila Ijumaa nitakusomea Yasini, na Mishi ataitikia amina, hata Ijumaa ambayo tutakuwa tumekukasirikia tangu asubuhi. Hilo ni jepesi. La pili ni radhi. Ile ya kwanza unayo, siidai. Lakini ile ilitoka kwa mwanamke asiyejua. Ya mwanamke anayejua bado sijaipata yote. Kuna siku naamka nayo, na jua likipanda haipo tena. Naahidi sitaacha kuitafuta. Zaidi ya hapo siahidi, kwa sababu nyumba hii imekwisha kuambiwa mengi matamu.

Bado nakulilia. Sikutaka umalize kusoma bila kulijua hilo. Nikisikia mtu anagonganisha viatu vyake mlangoni kwake, moyo wangu husimama kabla akili haijanikumbusha.

Kwaheri, mume wangu. Mungu akupe nafasi huko ulikolala. Utukumbuke, mimi na Mishi. Na ukiulizwa habari zetu, utuseme sote wawili kwa maneno yale yale.

Zuhura